Ya Kufanya na ya Kutofanya Unapopanda Lushoto na Habari ya Uvujaji

Maneno haya yanawahusu vijana wanaouza huduma za usalama wa mtandao kutoka Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Siku hizi kila mmoja ana programu inayomletea arifa pindi anuani za barua pepe za kampuni fulani zinapoonekana kwenye data iliyovuja. Arifa ikiingia tu, anamvutia simu mwenye kampuni, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Wateja wa Lushoto ni nyumba za wageni, SACCOS, shule, hospitali za misheni na wasafirishaji wa mboga, na wote wanajuana. Mtishe mmoja pale Soni, habari itafika Mtae kabla hujamaliza kona za kushukia Mombo.

Usipige simu kabla ya kuhakiki. Arifa nyingi ni za mambo ya kale. LinkedIn ilidukuliwa mwaka 2012, na mamilioni ya akaunti zake yakaja kuuzwa mtandaoni mwaka 2016. Mkusanyiko ulioitwa Collection #1, uliojulikana Januari 2019, ulikuwa na anuani zaidi ya milioni 770 zilizokusanywa kutoka uvujaji mwingi wa nyuma. Anuani ya mhasibu ikiwemo humo, maana yake ni kwamba aliwahi kujisajili mahali na mahali hapo pakavuja. Ukimwambia mkurugenzi wake "mfumo wenu umeingiliwa", umesema uongo.

Usijaribu nywila uliyoiona. Hata mara moja, hata kwa kisingizio cha kuthibitisha. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Usinunue faili la data ya wizi. Wala usimwandikie mtu nywila yake ya zamani ili ajue hutanii: mwaka 2018 matapeli walizagaza barua pepe za vitisho duniani kote kwa mbinu hiyohiyo.

Mtafute mwenye mamlaka. Si binti wa mapokezi, na kamwe si wageni wala wanachama wake.

Mpe habari yote, bure, kabla ya kutaja bei. Hili ndilo wanaloshindwa wengi, kwa hiyo nitalirefusha. Tangu 2023 wezi wamekuwa wakiteka akaunti ambazo hoteli za nchi mbalimbali hutumia kwenye Booking.com, kisha wanawaandikia wageni kupitia humohumo wakidai kadi ithibitishwe upya. Mgeni aliyeko Ujerumani anaona ujumbe umetoka kwa hoteli yenyewe, analipa, na anapofika anadai chumba alichokwisha kulipia. Sasa tuseme umepata arifa kwamba akaunti ya nyumba ya wageni huko Irente imo kwenye data iliyoibwa na programu hasidi. Mwenye nyumba anahitaji kusikia haya, kwa mpangilio huu: asiitumie tena kompyuta ile mpaka isafishwe, abadili nywila kwa kutumia kifaa kingine, aondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, awashe uthibitisho wa hatua mbili, aijulishe kampuni ya uwekaji nafasi, awaandikie wageni walio njiani. Mwambie yote. Muuzaji anayetoa nusu ya habari na kuficha nusu mpaka mkataba usainiwe ni sawa na jirani anayeona moshi darini kwako akakuuliza kwanza utamlipa nini.

Baada ya hapo, akikuuliza unafanya kazi gani, sema. Asipouliza, acha jina na namba.

Usiifanye sheria kuwa fimbo. Ni kweli tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Ni kweli pia kwamba mkusanyaji wa taarifa anatakiwa kuijulisha Tume usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Lakini Lushoto ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Mzee unayemtishia faini za kubuni anaweza kuwa mpangishaji wa mhadhiri wa sheria, na jioni hiyohiyo ukachambuliwa kwenye kikombe cha chai. Isitoshe, sheria hiyo inakubana wewe pia. Orodha yako ya majina na namba za walioathirika ni taarifa binafsi. Je, umesajiliwa Tume? Kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa ulinzi wa data aliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride Sh 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine, hata watu wakaishia kupokea simu na meseji za vitisho.

Usiweke kiungo wala faili kwenye ujumbe wa kwanza. Watu waliochoshwa na meseji za kitapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" wana haki ya kukushuku, na wakiripoti namba yako kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli, usinune. Taja jina lako kamili, ofisi yako ilipo, na namba ya ofisi ambayo wao wenyewe wanaweza kuipigia.

Usimtangaze. Si kwenye makundi ya WhatsApp, si kwa mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, si kwenye semina ukidhani kuficha jina kunatosha. "Lodge moja yenye mandhari ya Mazinde" kila mtu Lushoto anaijua.

Akisema hapana, mfute kwenye orodha siku hiyohiyo. Akisema kijana wa steshenari ndiye anayemshughulikia kompyuta, usicheke. Mwandikie kijana huyo akaunti zilizoguswa, tarehe, chanzo cha arifa na hatua za kuchukua, kwa Kiswahili. Kazi ataifanya yeye, na malipo atapewa yeye.