Dondoo Muhimu: Kituo cha Asagiri Kogen, Chini ya Mlima Fuji
Msafiri ashikaye barabara ya 139 nchini Japani, akinuia kuutazama mlima Fuji, wenye kimo cha mita 3,776, kutoka kituo cha mapumziko cha Asagiri Kogen, na adamke mapema, kwani ifikapo adhuhuri, hususan miezi ya joto, mawingu aghalabu huusitiri. Maegesho na vyoo ni bure usiku na mchana, ndiyo kanuni ya vituo vya aina hii tangu 1993; bali maduka hayangoji hadi usiku. Eneo la kituo ni malisho ya ng'ombe, na maziwa yake, pamoja na aiskrimu, kwa rai yangu yatosha kuwa sababu ya safari. Tambi za kukaanga za Fujinomiya, mji kilipo kituo hiki, ni mashuhuri, walakini hutiwa makapi ya shahamu ya nguruwe: asiyemla na aziache. Takataka zako, tafadhali, ondoka nazo.