Kutoka Mlima Luofu Hadi Dawa Mseto ya Malaria

Ge Hong, mwanachuoni wa China wa karne ya 4, aliziacha shughuli za utawala akajitenga katika Mlima Luofu. Katika kitabu chake cha tiba za dharura alichagua dawa rahisi ambazo hata maskini angezipata. Kwa homa za vipindi aliagiza konzi moja ya mmea uitwao qinghao iloweshwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe.

Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou aliyasoma maelezo hayo, akatambua kwamba hayakutaja kuchemsha. Huenda joto ndilo lililoharibu kiini cha dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, na dondoo yake ikaangamiza vimelea katika panya. Mwaka 1972 artemisinini ilitengwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Nobeli.

Artemisinini ndiyo msingi wa dawa mseto, ALu. Hata hivyo, chai ya mmea huo si mbadala wake: kiasi cha dawa ndani yake hubadilika, na dozi pungufu huacha vimelea hai na kuchochea usugu. Mgonjwa apimwe kwanza. Akiandikiwa ALu, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, hata homa ikishuka.