Mzee Akianza Kutetemeka: ya Kufanya na ya Kuacha

Msimwite mchawi. Naanza na hili kwa sababu kwetu huku, Shinyanga hadi Geita, vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Bibi ambaye mkono unamcheza, uso umekauka na miguu anaiburuza yuko hatarini. Semeni mapema, kwa balozi na kwa majirani, kwamba anaumwa ubongo.

Hospitali kwanza. Wilayani Hai, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba, wengi waliokutwa na Parkinson, ugonjwa huo wa ubongo, hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini. Tena si kila mtetemeko ni Parkinson. Hapa Runzewe, Geita, tumezungukwa na machimbo, na aliyechoma dhahabu kwa zebaki miaka mingi, wengine hata jikoni, anaweza kutetemeka kwa sumu hiyo. Mwambieni daktari alikofanya kazi, leseni ya kuchimba awe nayo au asiwe nayo. Bebeni na dawa zote anazomeza. Haloperidol ya wagonjwa wa akili, hata Plasil ya kuzuia kutapika, huweza kuleta dalili zilezile. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni mbali, lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea kisingizio cha kivuko.

Msiache kidonge kwa ajili ya kikombe. Mwaka 2011 tuliona Samunge, Loliondo: shilingi 500 kwa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Masapila, foleni za kilomita nyingi, na wagonjwa walioacha dawa zao. Levodopa, dawa ya Parkinson, ikikatwa ghafla, mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda, mtu akafa.

Msimpe unga wa mbegu za upupu kwa siri. Anayewauzia hasemi uongo wote: mbegu hizo zina levodopa, ileile ya kwenye kidonge, na hatari iko hapohapo. Kijiko cha leo kina nguvu, cha kesho hakina. Ukiuongeza juu ya kidonge, mzee anatapika, anaishiwa nguvu akisimama, viungo vinarukaruka, anaona watu wasiokuwepo. Halafu mnasema kapandisha mashetani! Mkitaka kuutumia, daktari ajue.

Mganga akiwaahidi kupona, ondokeni, hata kama ng'ombe keshatajwa. Parkinson haiponi, hutulizwa. Mwenye kuahidi kidogo naye aulizwe usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Msaada mkubwa uko nyumbani, na hauuzwi. Kidonge nusu saa kabla ya kula, kwa saa ileile kila siku. Dagaa, nyama na maharage vikienda nacho pamoja huipunguza nguvu dawa. Miguu ikigoma mlangoni, msimvute mkono: chora mistari ya chaki sakafuni, hatua hadi hatua, mwambie aivuke mmoja mmoja. Utashangaa. Choo kikifunga, maji, papai na kutembea. Anayepaliwa aketi wima, na asilazwe mara tu baada ya kula. Uji mzito humpita vizuri kuliko maji.

Na msimtwishe mkamwana mmoja yote haya huku wana wa kuzaa wakituma pole kwa simu. Gawaneni zamu za usiku. Hela ya dawa ichangwe vidonge vikibaki vya wiki mbili, kwa maana levodopa haipatikani kila duka la dawa.