Mganga Asiye na Sindano

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ukimwambia mtu wa hapa Bagamoyo kwamba unataka kusomea kazi ya lishe, huenda akakuuliza kama utauza wali na maharage pale stendi. Mama lishe anajulikana na kila mtu. Afisa lishe hajulikani. Mimi pia sikumjua mpaka likizo ya Desemba, alipokuja kijijini kwetu. Kwa hiyo napenda kueleza kazi yake na shida zinazompata.

Afisa lishe ni mtaalamu wa chakula na mwili wa binadamu. Huwapima watoto, huwafundisha wazazi, na hospitalini hushauri juu ya chakula cha wagonjwa, kama wale wenye kisukari. Taasisi ya Chakula na Lishe ya nchi yetu iliundwa kwa sheria mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hufundisha elimu hiyo. Wala kazi yenyewe si ndogo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, 30 wamedumaa.

Shida ya kwanza ni kwamba ugonjwa anaoutibu hauitwi kwa jina lake. Mtoto wa shangazi yangu aliachishwa ziwa mapema kwa kuwa mama yake alikuwa mjamzito tena. Akawa analishwa uji mtupu wa muhogo. Miguu ikavimba, nywele zikageuka rangi, akawa hacheki tena. Majirani wakanong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kulea. Kwa aibu shangazi akamficha ndani. Kumbe ulikuwa unyafuzi. Daktari Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933, alipokuwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Jina alilolipata huko, kwashiorkor, lina maana ya ugonjwa unaomshika mtoto anapopata mdogo wake. Basi wazee wa huko na wa kwetu wote waliona vema wakati unapoingia. Wa kwetu walikosea sababu tu.

Shida ya pili ni kwamba watu wanataka dawa. Afisa lishe alizungusha utepe katika mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Sentimita 12.5 au zaidi ni rangi ya kijani, yaani salama. Chini ya hapo ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani hatari. Utepe ulionyesha nyekundu. Tena uvimbe wa miguu yote miwili peke yake watosha kuwa hatari. Shangazi akauliza, "Mwanangu, mbona humchomi sindano?" Akajibiwa, "Mama, dawa yake kubwa ni chakula, lakini lazima aanzie hospitali." Huko alipewa maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, maana mwili uliodhoofika ukijazwa chakula ghafula waweza kufa.

Shida ya tatu ni uchache wa watu na fedha. Katika zahanati za vijijini kwa kawaida utamkuta tabibu na muuguzi. Afisa lishe yuko makao makuu ya halmashauri, na vijiji vyote vinamngoja yeye. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Fedha hizo hazinunui hata mayai sita.

Shida ya nne ni kwamba ushindi wake hauonekani. Daktari akimponya mgonjwa hushukuriwa, lakini mtoto ambaye hakuugua hamshukuru mtu.

Je, hapana njia? Ipo. Mwaka 1983 Mkoa wa Iringa ulianza mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na WHO. Watoto walipimwa uzito vijijini, na hesabu zikajadiliwa na wanakijiji wenyewe. Utapiamlo mkali ukapungua sana. Somo ni kwamba afisa lishe mmoja hawezi kazi hii peke yake; kijiji kizima kikiijua hesabu ya watoto wake, yeye hupata mikono mingi.

Sisi wanafunzi tunaweza kuanza. Pwani yetu ina dagaa, kunde, kisamvu, nazi na mapapai. Tukirudi nyumbani tuwaeleze mama zetu wachanganye dagaa waliosagwa katika uji wa mtoto. Tena tukisikia mtoto amebemendwa, tusinong'one. Tuhimize apelekwe kupimwa.

Siku nilipoaga kurudi shuleni, yule mtoto alikuwa ameketi mlangoni akila papai, na aliponiona alicheka. Kwa hiyo mimi kazi hii nitaisomea, hata wakiniuliza bei ya wali.