MADA YA 9: KUPANGA NA KUCHORA NGAZI YA NYUMBA

Wewe mtahiniwa uko kidato cha nne, na neno hilohilo ndilo tunalolihitaji hapa. Kidato ni hatua moja ya ngazi. Ngazi nzuri ni ile ambayo vidato vyake vyote vinafanana, kiasi kwamba mtu anapanda gizani bila kuvihesabu. Mguu hujifunza kimo cha kidato katika hatua mbili tatu za mwanzo, kisha huacha kufikiri. Kidato cha kumi kikizidi vingine kwa sentimita mbili tu, mguu huo utajikwaa. Anayeanguka mara nyingi ni bibi, mtoto, au mtu aliyebeba ndoo.

Swali la ngazi hupendwa na watunga mitihani kwa sababu linapima mambo matatu kwa pamoja: hesabu, uchoraji na busara. Wengi hupoteza alama kwenye hesabu, ingawa ni kugawanya na kutoa tu.

Maneno ya kazi

Kimo cha kidato (K) ni urefu wa kupanda kutoka kidato kimoja hadi kinachofuata. Kikanyagio ni sehemu ya bapa unapoweka unyayo, na upana wake (U) hupimwa kutoka ukingo wa mbele wa kidato kimoja hadi ukingo wa mbele wa kinachofuata. Kituo ni sakafu ndogo ya kupumzikia au kugeukia. Nafasi ya kichwa ni umbali wa wima kutoka mstari unaounganisha kingo za vidato hadi dari au slabu iliyo juu yake.

Kanuni ya kukumbuka ni hii:

2K + U = kati ya mm 600 na 630

Ilianzia kwa Mfaransa François Blondel, karne ya 17. Hoja yake ni rahisi. Mtu akitembea sehemu tambarare, hatua yake ina urefu fulani. Akipanda, kila milimita ya kwenda juu humchosha kama milimita mbili za kwenda mbele. Ndiyo maana K huzidishwa kwa mbili. Kwa nyumba ya kuishi, K ya mm 150 hadi 180 humfaa kila mtu. Kanuni za Uingereza huruhusu hadi mm 220 na mwinamo usiozidi nyuzi 42, lakini ngazi ya namna hiyo ni ya kijana mwenye magoti mazima.

Mfano wa 1

Nyumba ya ghorofa moja inajengwa Gungu, Kigoma. Kutoka sakafu iliyokamilika ya chini hadi sakafu iliyokamilika ya juu ni mm 3000. Sakafu ya juu ina unene wa mm 150. Chumba cha ngazi kina urefu wa mm 3600 na upana wa mm 2100. Panga ngazi.

Anza kwa kukisia K = 170. Gawanya: 3000 ÷ 170 = 17.6. Hakuna nusu kidato, kwa hiyo chukua 18. Sasa K halisi ni 3000 ÷ 18 = mm 166.7. Usiikadirie kuwa 167 halafu ukaizidisha kwa 18, kwani utazidi sakafu ya juu kwa mm 6.

Chagua U = 280. Hakiki: (2 × 166.7) + 280 = 613. Inafaa.

Sasa angalia mtego. Vimo ni 18, lakini vikanyagio ni 17, kwa sababu kikanyagio cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. Ngazi iliyonyooka ingehitaji 17 × 280 = mm 4760, na chumba kina mm 3600. Haiingii. Usipunguze U ili kuilazimisha. Igeuze.

Weka mafungu mawili ya vimo 9 kila moja, yakiwa na kituo katikati. Kila fungu lina vikanyagio 8, yaani 8 × 280 = mm 2240. Ongeza kituo cha mm 1000, jumla mm 3240. Inaingia, na mm 360 zinabaki mwanzoni mwa ngazi. Kwa upana, mafungu mawili ya mm 1000 na mwanya wa mm 100 katikati hujaza mm 2100 zote. Hesabu tena vikanyagio: 8 + 8 + kituo = 17. Jumla isipokubali, kuna kidato umekipoteza njiani.

Nafasi ya kichwa

Uso wa chini wa slabu ya juu uko mm 3000 − 150 = 2850 kutoka sakafu ya chini. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni mm 2000 na kuendelea. Kidato cha 5 kiko mm 833, hivyo juu yake panabaki mm 2017. Kidato cha 6 kiko mm 1000, panabaki mm 1850, na hapo mtu mrefu anagonga paji la uso. Kwa hiyo uwazi wa slabu lazima uwe umeanza kufikia ukingo wa kidato cha 5.

Lakini fikiria nyumba za kwetu. Mama wa mita 1.6 aliyebeba kichwani beseni la dagaa lenye kimo cha sentimita 35 anafika mita 1.95, na bado hajainua mkono kulishika. Ukianza uwazi kwenye kidato cha 4, atapata mm 2183. Katika mtihani mm 2000 zinatosha. Kwenye ramani ya nyumba ya mtu mwongezee huyo mama.

Kosa linalofanyika sana: kusahau vigae

Hapa soma polepole. Tuseme fundi amepima kutoka zege tupu la chini hadi zege tupu la juu akapata mm 3000, akafunga mbao na kumwaga vidato 18 sawasawa vya mm 166.7. Pima maji inamsifu. Baadaye sakafu ya chini inawekwa lipu na vigae, inapanda mm 50. Kila kidato kinapata terazo, kinapanda mm 20. Sakafu ya juu inapanda mm 40.

Kidato cha kwanza sasa kina kimo cha 166.7 + 20 − 50 = mm 136.7. Vya katikati vimebaki 166.7, kwa kuwa vyote vimepanda sawa. Cha mwisho kina 166.7 + 40 − 20 = mm 186.7. Tofauti kati ya cha kwanza na cha mwisho ni sentimita 5, na kilichozidi kipo juu kabisa, mahali pabaya zaidi pa kuangukia.

Njia sahihi ni kuanza na sakafu zilizokamilika. Kimo kamili ni 3000 + 40 − 50 = mm 2990, na 2990 ÷ 18 = mm 166.1. Kisha rudi kwenye zege: kidato cha kwanza kimwagwe mm 196.1, kumi na sita vya katikati mm 166.1 kila kimoja, na cha mwisho mm 146.1. Jumlisha: 196.1 + (16 × 166.1) + 146.1 = mm 2999.8, na hizo mm 0.2 ni za kukadiria desimali. Mwenye nyumba atakayeviona kabla ya vigae atadhani fundi amekosea. Mwoneshe hesabu.

Ngazi ya nje kwenye mteremko

Kigoma mjini ni mji wa vilima. Barabara itokayo stesheni ya reli kuelekea Mwanga hupanda tangu mwanzo. Nyumba nyingi hazina ghorofa, lakini zina ngazi kutoka barabarani hadi barazani. Ngazi hizi hunyeshewa mvua, kwa hiyo K iwe ndogo na U iwe kubwa zaidi ya ile ya ndani. Kwa kimo cha mm 2400, chukua vimo 16 vya mm 150 na U = 320; 2K + U = 620. Weka kituo katikati. Kila kikanyagio kiinamie mbele kwa mm 5 ili maji yasituame, kisikwanguliwe laini, na mfereji upite pembeni ya ngazi. Ukiacha maji yashuke kwa vidato vyenyewe, yatachimba udongo chini ya kidato cha kwanza mpaka kining'inie.

Karibu na ziwa swali ni lingine: kidato cha chini kianzie wapi? Ziwa Tanganyika halikai mahali pamoja. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, mji ule ulikuwa ukingoni mwa maji. Leo eneo la kumbukumbu yao liko mbali na ufuko. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kufikia nyumba za pwani. Usipime kutoka ukingo wa maji ulioukuta siku hiyo. Pima kutoka alama ya kudumu, na uulize wenyeji maji yamewahi kufika wapi.

Vishikio

Weka kishikio cha mm 900 hadi 1000 juu ya mstari wa kingo, na nafasi kati ya nguzo zake isizidi mm 100, ili kichwa cha mtoto kisipite. Mninga unafaa sana kwa kishikio.

Zoezi

Kimo kati ya sakafu zilizokamilika ni mm 2880. Chumba cha ngazi kina urefu wa mm 3500. Tafuta idadi ya vimo, K, U na aina ya ngazi.

Jibu: 2880 ÷ 180 = vimo 16 kamili. Kwa U = 260, 2K + U = 620. Ngazi iliyonyooka ingehitaji 15 × 260 = mm 3900, haiingii. Tumia mafungu mawili ya vimo 8. Vikanyagio 7 × 260 = mm 1820, na kituo cha mm 900, jumla mm 2720. Tanjenti ya mwinamo ni 180 ÷ 260 = 0.692, yaani takribani nyuzi 34.7.