Umenawiri, au Umezidiwa?

Mdogo wangu wa Getanuwas, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Uso umekuwa duara, tumbo limejaa huku miguu imekonda, na ubavuni una michirizi mipana ya zambarau. Ukichuchumaa kuchochea moto, kuinuka ni shughuli. Halafu mnadani Katesh wanakusifu eti umenawiri! Kunawiri gani huko, mtu ukigusa meza tu unavilia damu?

Dalili hizo hutokea mwili unapozidiwa na kotisoli, homoni ya tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Daktari Mmarekani, Harvey Cushing, alizieleza mwaka 1912, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Ila kabla ya kuzilaumu tezi, niambie ukweli: unajipaka nini? Unameza nini?

Chanzo kinachoongoza ni steroidi kutoka nje ya mwili, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli. Mikorogo mingi ya kujichubua ina klobetasoli, ambayo ni kali mno. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kwenye karatasi mara nyingi huwa ni deksamethasoni. Kuna prednisoloni ya pumu, kuna sindano za magoti. Ukienda hospitali, Katesh au Haydom, beba vyote, hata kikopo kisicho na jina. Usione haya. Ukificha, utampoteza daktari: steroidi za nje huzilaza tezi zako, damu ikipimwa kotisoli inaweza kuonekana iko chini, ilhali sura yako inasema imezidi.

Nakusihi, usivitupe leo ukaacha ghafla. Tezi zilizolala haziamki siku moja. Presha inaweza kushuka ukaanguka, hata ukafa. Daktari ndiye atakayekupunguzia taratibu.

Na kama kweli hujatumia chochote? Hapo ndipo vipimo. Mojawapo: unameza deksamethasoni miligramu 1 saa 5 usiku, damu inachukuliwa saa 2 asubuhi. Tezi nzima hutii na kunyamaza. Yenye kasoro haisikii. Ikithibitika, hupimwa ACTH, homoni ya pituitari, tezi ya kichwani, inayoziamrisha hizo tezi za juu ya figo. Ikiwa chini, shida iko juu ya figo. Isiposhuka, hutazamwa kichwa, mara chache mapafu. Hapo huenda ukapewa rufaa, pengine KCMC Moshi. Usikubali kuanza na picha za gharama, maana vivimbe visivyo na madhara wanavyo watu wengi tu.

Na kama kuna shoga yako anayekuchanganyia mkorogo, nenda naye. Naye abebe kikopo chake.