Rangi na Ukubwa wa Mjusi wa Buluu wa Kimboza

Wanafunzi wengi hudhani kwamba rangi peke yake yatosha kumtambulisha mnyama. Katika msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, yupo mjusi kafiri anayeonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Jina lake la kisayansi ni Lygodactylus williamsi, na alielezwa kwa mara ya kwanza na Arthur Loveridge mwaka 1952. Huishi juu ya mti mmoja wa jamii ya mikadi, nao ni Pandanus rabaiensis. Eneo lake lote ni dogo mno, nalo hujumuisha Kimboza na msitu jirani wa Ruvu.

Dume, jike na kinda

Dume aliyekomaa ana rangi ya buluu inayong'aa, na kooni mwake mna mistari minene myeusi. Jike ni wa kijani au wa rangi ya shaba, na weusi wa kooni mwake ni kidogo. Kinda hufanana zaidi na jike. Aidha, dume anayetawaliwa na dume mwenye nguvu zaidi huweza kubaki na rangi ya kijani ingawa amekwisha kukomaa. Hata dume wa buluu hugeuka kuwa wa rangi ya giza apatapo baridi au hofu, kisha hurudia rangi yake.

Chanzo cha rangi

Ngozi ya mijusi ina seli za rangi zilizopangwa kwa matabaka. Tabaka la juu lina seli zenye rangi ya manjano. Chini yake zimo seli zenye fuwele ndogo sana za guanini. Fuwele hizo hazina rangi zenyewe, bali huakisi mwanga wa buluu. Chini kabisa zimo seli za melanini, ambayo ni nyeusi. Mwanga wa buluu ukipita katika tabaka la manjano, jicho huona kijani. Manjano yakipungua, buluu hudhihirika. Melanini ikitawanyika kuelekea juu, ngozi huwa na giza.

Kwa hiyo tofauti za rangi zina sababu mbalimbali: jinsia, umri, hali ya mazingira na nafasi ya mnyama miongoni mwa wenzake. Si kila tofauti ionekanayo ni ya kurithi.

Kupima ukubwa

Mjusi huyu hafiki urefu wa sentimita 10. Urefu wa mwili mzima hauaminiki kama kipimo, kwa kuwa mkia hukatika na kuota tena ukiwa mfupi. Wataalamu hupima kutoka ncha ya pua hadi kwenye kloaka. Mjusi mdogo aweza kuwa kinda, au mzima mwenye umbo dogo; ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kukadiria umri.

Hasara ya kutambua vibaya

Uzuri wa rangi uliwafanya mijusi hawa watafutwe sana na wafugaji wa Ulaya na kwingineko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji liliondoa mijusi wapatao 32,310 hadi 42,610. Mikadi nayo ilikatwa ili kuwafikia, na mti ukianguka makazi hupotea pamoja nao. Mwaka 2012 spishi hii iliwekwa katika daraja la zilizo hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg uliiingiza katika Jedwali la Kwanza, ambalo hupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini.

Hapo elimu ya tofauti huwa na kazi yake. Mkaguzi wa mpakani anayejua rangi ya buluu tu aweza kuruhusu sanduku lililojaa majike na makinda ya kijani yaliyoandikwa jina la spishi nyingine.

Zoezi

Wanafunzi wamchague mjusi kafiri mmoja ukutani na kumtazama bila kumshika. Waandike rangi yake usiku penye taa, na tena mchana kivulini, kwa siku 5. Kisha wajadili: ni tofauti zipi zingaliwafanya wadhani kuwa wameona mijusi wawili?